Jinsi ya Kuiandikia Namba Kubwa Wasifu

Kila mgeni rasmi husomewa wasifu kabla hajakabidhiwa kipaza sauti. Namba kubwa hazina bahati hiyo. Hutajwa mara moja kwenye taarifa ya habari, msomaji akajikwaa kwenye mamilioni, akakohoa, akaendelea na hali ya hewa. Mwongozo huu umeandikwa kwa wenye huruma na namba za namna hiyo, na pia kwa wale wanaotaka kuonekana wasomi kwenye kikao cha harusi bila gharama ya kurudi shule.

Utahitaji kalamu, karatasi, alasiri isiyo na kazi, na kikokotoo (cha kawaida, si kile cha mafao ya wastaafu). Hekima si lazima. Mara nyingi huchelewesha.

Kwanza chagua namba. Usichague ndogo, maana ndogo zote zina wenyewe: 7 imeshachukuliwa na siku za wiki, 12 na miezi, 40 wanagombea marehemu na mwizi. Chagua yenye tarakimu nane. Hakuna atakayeikumbuka vizuri kiasi cha kukubishia.

Mimi nimechagua 61,741,120. Msomaji wa Tanzania huenda akaitambua: ndiyo idadi ya watu iliyopatikana kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, iliyotangazwa na Rais Samia Suluhu Hassan jijini Dodoma tarehe 31 Oktoba mwaka huohuo. Bara 59,851,347, Zanzibar 1,889,773. Jumlisha mwenyewe, utaona zimekaa sawa. Wataalamu wa takwimu waliitafuta namba hii ili nchi ijue idadi ya madarasa, zahanati na visima inavyohitaji. Sisi hatuna nia nzuri kama hiyo.

Anza na nasaba. Mtu huulizwa ukoo. Namba huulizwa vigawo tasa. Namba tasa, kama siku ile darasani ulikuwa umesinzia, ni ile inayogawanyika kwa 1 na kwa yenyewe tu: 2, 3, 5, 7, 11, na safari haina mwisho. Namba nzima yoyote iliyozidi 1 ama ni tasa, ama ni zao la namba tasa, na orodha ya wazazi hao ni moja tu duniani. Huwezi kwenda kwa mganga mwingine ukaletewa wazazi tofauti.

Namba yetu inaishia na 0, kwa hiyo 2 na 5 wamo, na hapo kalamu bado haijafunguliwa kifuniko. Ondoa 5. Kisha gawa kwa 2 mpaka ikatae. Itakubali mara sita, na mkononi utabaki na 192,941. Kwa 3, jumlisha tarakimu: 1+9+2+9+4+1 ni 26, na 26 haigawanyiki kwa 3, basi namba nzima nayo haigawanyiki.

Kwa 7 watu wengi hukata tamaa, na hapa ndipo utakapong'ara. Ukizidisha 7 kwa 11 kwa 13 unapata 1,001. Siri yote imo humo. Kwa sababu hiyo unaweza kuikata namba kwenye mafungu ya tarakimu tatutatu kutoka kulia, kisha ukatoa na kujumlisha kwa zamu. Irudie namba yetu ilivyokuwa mwanzo: 120, toa 741, jumlisha 61. Jibu ni hasi 560. Nayo 560 ni 7 mara 80, basi 7 yumo. Haigawanyiki kwa 11 wala kwa 13, basi hao hawamo. Jaribio moja limekupa majibu matatu. Lifanye kwa sauti, mbele za watu, macho yakiwa juu ya dari.

Gawa 192,941 kwa 7, unapata 27,563. Mwanafunzi mvivu akifika hapa hutangaza kuwa hiyo ni tasa, kwa sababu sura yake ni ya utasa. Usitangaze. Kipeuo chake cha pili ni 166 na ushee, na namba isiyo tasa lazima iwe na kigawo tasa kimoja kisichozidi kipeuo hicho, kwa hiyo kazi yako inaishia 163. Orodha ya namba tasa za kujaribu utaichekecha kwa njia ya Eratosthenes, mzaliwa wa Cyrene katika Libya ya leo, aliyekuwa mkuu wa maktaba ya Alexandria: andika namba zote kuanzia 2, futa vigawe vya 2, vya 3, vya 5, ukiziacha zenyewe, uendelee hivyo, zilizonusurika ni tasa. Jaribu 11, inakataa. 13, 17, 19, 23, 29, 31, 37, zote zinakataa. 41 inakataa, na wewe unaanza kuitukana. 43 inakubali: 43 mara 641. Nayo 641 ni tasa, hakuna tasa aliye chini ya 26 anayeigawa.

Ukoo umekamilika: 2 mara sita, halafu 5, 7, 43 na 641.

Huyo wa mwisho si wa kupitwa hivihivi. Katika karne ya 17, Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse aliyefanya hisabati kama wengine wanavyocheza bao, aliona kuwa 3, 5, 17, 257 na 65,537 zinajengwa kwa kanuni moja (unaipa 2 kipeo cha 1, 2, 4, 8 au 16, halafu unaongeza 1) na kwamba zote ni tasa. Akaamini mlolongo huo utaendelea kutoa namba tasa. Inayofuata ni 4,294,967,297. Mwaka 1732 Leonhard Euler akaonyesha kuwa hiyo ni zao la 6,700,417 na nani? 641. Mpaka leo hajapatikana mwingine wa mlolongo ule aliyethibitika kuwa tasa. Kwenye wasifu andika: "Mmoja wa wazazi wake aliwahi kumuumbua Fermat." Usifafanue. Ukifafanua watu wataondoka kwenda kupakua chakula.

Sasa hesabu vigawo vyote, tasa na visivyo tasa. Huhitaji kuviorodhesha. Chukua idadi ya kila mzazi, ongeza 1, zidisha: 7 mara 2 mara 2 mara 2 mara 2. Ni 112. Namba yetu ina milango 112 ya kuingilia, na mmojawapo una faida ya kiutawala. Tanzania ina mikoa 31, na 31 si kigawo. Ukitaka kuwagawa watu wale sawasawa kwa mikoa yote, utabaki na watu mkononi. Lakini 32 ni kigawo, na kila mkoa ungepata watu 1,929,410 kamili, bila baki. Wanaodai mkoa wao ugawanywe wamekuwa wakileta hoja za barabara na umbali wa makao makuu. Nawapa hoja hii bure.

Baada ya nasaba, vyeo. Aliyeanzisha mchezo huu kwa maandishi ni Nicomachus wa Gerasa, mji ambao leo ni Jerash nchini Jordan, yapata miaka 1,900 iliyopita. Alizipanga namba kwa kujumlisha vigawo vyake bila kuihesabu yenyewe. Jumla ikiwa ndogo kuliko namba, hiyo ni pungufu. Ikilingana nayo, ni kamilifu: vigawo vya 28 ni 1, 2, 4, 7 na 14, na jumla yake ni 28. Jumla ikizidi, ni namba ya ziada, na hizo Nicomachus hakuzipenda. Alizifananisha na mnyama aliyeota midomo na mikono kuliko anavyohitaji. Vigawo vya namba yetu, ukiiacha yenyewe, vinafika 110,458,688. Imezidi kwa 48,717,568. Kama huna muda wa kujumlisha, angalia tu kwamba 28 imo kati ya vigawo: kigawe chochote cha namba kamilifu, ukiiondoa yenyewe, ni cha ziada bila mjadala. Basi taifa letu ni la ziada. Ukitazama mifuko tarehe 25 ya mwezi usingedhani.

Cheo kinachofuata kinahitaji moyo. Kuna namba zenye furaha na zisizo na furaha, na jina hilo ni la kihisabati kabisa. Chukua kila tarakimu, izidishe kwa yenyewe, jumlisha, kisha rudia kwa jibu ulilopata. Ukifika 1, namba ina furaha. Isipofika, itanaswa kwenye duara la 37, 58, 89, 145, 42, 20, 4, 16 na kurudi 37, izunguke humo milele. Haya, vuta pumzi. 61,741,120 inatoa 108. 108 inatoa 65. 65 inatoa 61. 61 inatoa 37.

Tumenaswa.

Nikadhani labda ni mwaka mbaya, nikairudia sensa ya mwaka 2012, watu 44,928,923. Inatoa 275, kisha 78, 113, 11, 2, 4. Kule kule. Halafu, kwa udadisi ambao sikupaswa kuwa nao, nikaijaribu sensa ya Kenya ya mwaka 2019, watu 47,564,296. Inatoa 263. Hiyo inatoa 49, kisha 97, kisha 130, kisha 10, kisha 1. Kenya ina furaha. Sitaki ugomvi wa mpakani Namanga, kwa hiyo nasema tu kwamba kati ya 1 na 100 namba zenye furaha ni 20 pekee, na kukosa furaha ni hali ya walio wengi. Jirani akikuletea jeuri, mwambie hivyo.

Kuna ubaya zaidi. Iandike namba kwa 0 na 1 tu, kama kompyuta inavyofanya, kisha hesabu zile 1. Zikiwa shufwa, wanahisabati huiita namba ovu. Zikiwa witiri, huiita namba ya kuchukiza. Daraja la tatu hakuna. Namba zote, tangu dunia kuumbwa, ama ni ovu ama zinachukiza, na waliozigawa hivyo walifanya kwa mzaha na bado mgawanyo wao unatumika kwenye hesabu za michezo. Yetu ina 1 kumi. Ni ovu.

Usiukimbize mkutano. Harakisha kusoma cheo kinachotuliza: ni namba yenye adabu. Namba yenye adabu ni ile inayoweza kuandikwa kama jumla ya namba nzima chanya mbili au zaidi zinazofuatana. Adabu haina wengi wa kuikosa. Wanaoikosa ni 1, 2, 4, 8, 16 na wenzao wanaopatikana kwa kuzidisha 2 mfululizo. Kwa namba yetu 641 anarudi tena kazini. Gawa 61,741,120 kwa 641, unapata 96,320. Hiyo iwe ya katikati. Weka 320 kushoto kwake na 320 kulia kwake. Jumlisha namba zote kuanzia 96,000 hadi 96,640, bila kuruka hata moja, na utapata Watanzania wote wa mwaka 2022. Katika kazi yote hii, hapo tu ndipo nilipoweka kalamu chini nikaitazama namba kwa heshima.

Basi una namba ya ziada, isiyo na furaha, ovu, na yenye adabu zake. Nimewahi kupanga kwa mwenye nyumba wa namna hiyo.

Sasa tuje kwenye kipande ambacho wengi wenu mmekisubiri, yaani kuthibitisha kuwa kuna jambo. Mwongozo wowote wa namba usiofundisha kuzua njama haujakamilika. Mwaka 1949 D. R. Kaprekar, mwalimu wa shule huko Devlali nchini India, aligundua mchezo huu: chukua namba ya tarakimu nne ambazo si zote sawa, zipange kutoka kubwa hadi ndogo, zipange tena kutoka ndogo hadi kubwa, toa. Rudia. Tufanye kwa mwaka wa sensa yenyewe, 2022. 2220 toa 0222 ni 1998. 9981 toa 1899 ni 8082. 8820 toa 0288 ni 8532. 8532 toa 2358 ni 6174. Ukiendelea hapo utapata 6174 tena na tena, haiendi popote.

Sasa tazama tarakimu nne za mwanzo za 61,741,120.

Nyamaza kidogo ili wasikilizaji wapate baridi. Kisha waonyeshe tarakimu tatu zinazofuata: 112, ambayo ni idadi ileile ya vigawo vyake tuliyoihesabu. Mwaka wa sensa umejificha mbele, hesabu ya vigawo imejificha nyuma yake, na ikabaki tarakimu moja tu mwishoni. Hiyo ni 0, na ndiyo thamani ya ushahidi wote huu.

Kwa maana Kaprekar aligundua kuwa kila namba ya tarakimu nne, mradi zisiwe zote sawa, huishia 6174, na kwa hatua zisizozidi saba. Mwaka wa uhuru wa Tanganyika, 1961, hufika kwa hatua saba. Mwaka wako wa kuzaliwa hufika. Namba ya siri ya simu yako hufika, ila usiijaribu mbele ya watu. Njama inayomkamata kila mtu haimkamati yeyote. Lakini hilo ni la kumwambia rafiki, usilitie kwenye wasifu.

Na niseme jambo moja kwa uzito, kisha turudi kwenye upuuzi. Vyeo hivi havina daraja moja. Vigawo 2, 5, 7, 43 na 641 vitabaki vilevile hata ukiandika namba kwa tarakimu za Kirumi au kwa mawe kwenye bao. Kuwa ya ziada na kuwa na adabu navyo ni vya kweli namna hiyo. Furaha na 6174 vinatokana na sisi kuhesabu kwa makumi, na sababu kubwa ya makumi ni vidole. Tungekuwa na vidole vinane, Kenya ingelazimika kufanya hesabu upya. Anayekuuzia bahati kwa namba, awe mtabiri wa mikeka ya mpira au mhamasishaji mwenye suti, hukuuzia daima vile vya vidole.

Maumbo ni mafupi. Ukitaka kuwapanga watu wote kwa mraba, utapata safu 7,857 zenye watu 7,857 kila moja, na watu 8,671 watabaki nje wakilalamika. Pembetatu ndiyo inayoumiza. Safu ya kwanza mtu 1, ya pili 2, ya tatu 3, uendelee. Safu 11,111 zinajaa vizuri. Safu ya 11,112 inaanza kujaa, halafu watu wanakwisha zikiwa zimebaki nafasi 2,708.

Hapo ndipo nilipoanza kuwafikiria waliokosekana. Sensa ile iliwahesabu waliolala nchini usiku wa kuamkia 23 Agosti 2022, na kila mtaa una kisa chake cha mtu aliyemwona karani dirishani, akadhani ni mambo ya kodi, akamtuma mtoto akaseme baba hayupo. Tumwongeze mmoja wa hao. Mmoja tu. Sensa inakuwa 61,741,121.

Ukoo wote unaanguka. Namba mbili zinazofuatana hazina kigawo cha pamoja isipokuwa 1, kwa hiyo 2, 5, 7, 43 na 641 wanafukuzwa kwa mpigo. Fanya lile jaribio la mafungu: 120 imekuwa 121, jibu linakuwa hasi 559, ambayo ni 13 mara 43. Basi 13 anaingia, na 43 asikudanganye, kwa sababu jaribio lile linatoa ushuhuda kwa 7, 11 na 13 tu. Ziada inatoweka, namba inakuwa pungufu. Zile 1 za kompyuta zinakuwa 11, kwa hiyo haiwi ovu tena, inakuwa ya kuchukiza.

Lakini ipeleke kwenye furaha. Inatoa 109. 109 inatoa 82. 82 inatoa 68. 68 inatoa 100. Na 100 inatoa 1.

Taifa lilikosa furaha kwa mtu mmoja, naye alikuwa nyuma ya pazia. Kwa desturi ya kila baada ya miaka 10, sensa ijayo ni ya 2032. Karani akibisha hodi, ndugu msomaji, fungua mlango.